Pedeli Inayokaza Siku ya Maiti

Sene 9
Mvua ya kweli ya mwezi wa Sene imeanza leo, si zile rasharasha za kutupima. Mlima Tosa haujaonekana tangu asubuhi na bati la gereji linavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Mzee Bezuneh ameleta gari la idiri. Idiri ni chama chetu cha kuzikana, na hapa Dessie mtu asiye na idiri afadhali asife. Chama ndicho kinacholeta hema, sahani, wapishi, gari la jeneza na watu wa kukulilia. Bezuneh ndiye dereva wa gari hilo kwa miaka kumi na tisa, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu hata alipokabidhiwa. Analalamika kwamba pedeli ya breki inakaza mara nyingine. Nikamuuliza mara nyingine ndiyo lini. Akasema mara nyingine. Nikaikanyaga mara hamsini ikashuka vizuri kila mara, nikamwambia kilichokaza ni goti lake. Akacheka kwa adabu, akaondoka na gari lake.

Sene 10
Mvua.

Sene 17
Bezuneh karudi. Jana walimzika mshona viatu wa pale sokoni, na kwenye mteremko wa kanisa la Gebriel pedeli ikakaza tena, anasema, ni kukanyaga jiwe. Gari lilisimama kwa taabu.

Leo nimelichukua kwa uzito. Nimetazama mafuta ya breki, padi, mipira, masta silinda. Nimetazama busta, ile ngoma nyeusi ya bati iliyo mbele ya pedeli, inayovuta nguvu ya hewa kutoka kwenye injini ili mguu wa dereva usifanye kazi yote peke yake. Busta ikifa, pedeli hukaza. Lakini haikufa. Nimewasha injini, nimekanyaga, laini. Tumeteremka mimi na yeye mpaka mlango wa kanisa na kupanda tena mara nne, laini. Mimi ni mtu ambaye nikikaa kibarazani na kahawa yangu nasikia beringi iliyochoka ya lori linalopita barabara ya juu, na sikusikia chochote.

"Inakaza nikiwa na maiti tu," akasema Bezuneh tulipofika.

"Basi mzee wangu, niletewe maiti nipime naye?"

Hakucheka safari hii. Nilijiona mjanja.

Sene 25
Mke wangu Asnakech kaleta habari kutoka kwa wanawake wa chama: wanasema marehemu ndiye anayeikanyagia pedeli kwa chini, hataki kufika. Nimemwambia awaambie marehemu hana miguu kule chini, kuna silensa tu. Kaniambia mdomo wangu utaniponza siku moja.

Hamle 2
Mvua. Sufuria ya kukinga maji imejaa mara mbili.

Hamle 6
Mazishi mawili wiki hii. Ya kwanza Bezuneh hakusema kitu. Ya pili amekuja gerejini amelowa chapachapa, kasema imekaza tena, na alilazimika kuegesha gurudumu kwenye ukingo wa mtaro. Nimelipima mbele ya macho yake. Laini. Nimemwambia ukweli wangu wote, kwamba gari ni zima na yeye ana miaka sabini na miwili. Akafuta kiti cha dereva kwa kitambaa kabla ya kukikalia, kama afanyavyo siku zote.

Namheshimu, lakini mzee anaisha. Ndivyo nilivyoandika na ndivyo ninavyoamini.

Hamle 14
Sijui nianzie wapi.

Leo tulikuwa tunamzika karani mmoja mstaafu. Mvua ilikuwa imepungua. Nilikuwa nyuma kabisa ya msafara, chini ya mwavuli mmoja na Ato Ayalneh, mwenyekiti wetu, mwalimu wa zamani, tunaongea habari za bei ya saruji. Gari lilikuwa mbele, watu wakilizunguka, mashemasi wakiimba. Kwenye mteremko wa kanisa nikasikia mayowe ambayo si ya kilio. Tulipokimbia tukakuta gari limeubana mguu wa Mama Zenebech ukutani. Mama Zenebech ndiye mkuu wa wanawake wa chama, mwenye kupanga nani akande unga na nani achemshe kahawa, na siku zote hutembea mbele ya gari na kapu la mkate kichwani. Mkate ulikuwa umetawanyika matopeni. Bezuneh alikuwa bado ndani, amesimama na miguu yote miwili juu ya pedeli, na analia.

Tulilisukuma nyuma kwa mikono. Mguu sitauelezea.

Eshetu, mwanawe Mama Zenebech, alimtoa Bezuneh garini kwa ukosi wa koti. Alimnusa mdomo. "Amekunywa," akasema. Na kweli alikuwa amekunywa bilauri moja ya tela, pombe yetu ya nyumbani, pale msibani, kama sote tulivyokunywa.

Hamle 15
Gari limeletwa kwangu. Breki nzima.

Hamle 16
Nimelipima tena kutwa nzima, maana nilitaka kukuta kosa. Nilitaka sana. Injini ikinguruma, nimekanyaga mpaka paja likaniuma. Nzima.

Hamle 21
Kikao cha chama, ndani ya hema letu wenyewe kwa sababu ukumbi unavuja. Bezuneh alikaa peke yake kwenye benchi la mbele. Aliulizwa, akasema pedeli ilikaza. Watu wakaguna. Ndipo Ato Ayalneh akaniita.

"Fundi Wubishet, breki za gari hili zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

"Uliambiwa kabla kwamba zina kasoro?"

"Niliambiwa mara tatu. Mara tatu nilipima. Gari halina kosa."

Nikapewa karatasi, nikatia sahihi. Eshetu akasimama akasema mama yake yuko hospitalini na mguu umeanza kunuka, na chama kinachomficha mlevi si chama. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Bezuneh Tarekegn amefutwa. Mimi pia nilinyoosha mkono, maana baada ya maneno yangu ningeuacha chini kwa hoja gani?

Aliyefutwa hapa hazikwi na mtu. Hatukulisema, ila kila mmoja alilijua alipokuwa akinyoosha mkono. Bezuneh alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani taratibu, akatoka mvuani bila kofia.

Hamle 22
Mvua.

Hamle 23
Mvua. Asnakech haongei nami, anaongea na sufuria.

Hamle 29
Nimemwona Bezuneh sokoni akinunua kitunguu. Watu walimpisha njia pana kuliko inavyohitajika. Nikageukia duka la misumari nikajifanya nachagua misumari.

Nehase 4
Siku ya nne ya mfungo wa Filseta. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna jua.

Nehase 8
Mama Zenebech amefariki alfajiri. Walimkata mguu Jumanne lakini sumu ilikuwa imekwisha kupanda.

Nehase 9
Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana nikiruka kitu nitajidanganya baadaye.

Hakuna aliyetaka kuliendesha gari lile. Ato Ayalneh aliniangalia, na kwa kuwa ndimi niliyeapa kwamba ni zima, sikuwa na pa kujificha. Nikakaa kwenye kiti cha Bezuneh. Jeneza la Mama Zenebech likawekwa nyuma. Tukatoka kwa mwendo wa miguu, Eshetu akitembea kando ya dirisha langu, mkono wake juu ya bati. Kutoka nyumbani mpaka kona ya juu nilikanyaga breki labda mara thelathini. Laini kabisa, na nikiri nilifurahi moyoni kwamba nilikuwa sahihi.

Kwenye kona, pale mteremko unapoanza, mashemasi wakaanzisha sala ya kuaga. Eshetu akagonga kioo.

"Zima, fundi."

"Nizime nini?"

"Injini. Hapa huzimwa, tumsikie kasisi. Miaka yote Bezuneh anazima hapa. Wewe huwa unazikia wapi?"

Nikageuza ufunguo. Kukawa kimya, na katika kimya hicho sauti ya kasisi ikaja safi, neno kwa neno, na wanawake wakaipokea, na nikaelewa kwa nini mtu atataka iwe hivyo. Gari likaanza kuserereka lenyewe polepole. Nikakanyaga. Mguu ulishuka nusu, pedeli ikasimama. Nikakanyaga tena, na sikukanyaga pedeli, nilikanyaga mwamba. Nikasimama kwa miguu yote miwili, kama alivyokuwa amesimama yule mzee, na gari likaendelea kwenda.

Mbele yangu kulikuwa na migongo ya wanawake wenye shuka nyeupe.

Nilitumbukiza gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, nikalipinda gari kwenye mtaro. Lilisimama likiwa limeinama upande. Jeneza liliteleza likagonga mlango, na watu wakapiga kelele kwamba Mama Zenebech amekataa kwenda. Eshetu alikuwa ameshika dirisha, uso umebadilika. Yeye hakuwa akilitazama jeneza. Alikuwa akitazama miguu yangu.

Nehase 10
Gereji nimeifunga kwa ndani. Sikuhitaji hata robo saa.

Injini ikiwaka, laini. Nikizima na kukanyaga papo hapo, inashuka nusu. Nikizima, nikisubiri kidogo, nikikanyaga, jiwe. Nikishikilia hivyohivyo na kuwasha injini, mguu unazama wenyewe. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anakijua kipimo hiki. Mimi sikukifanya, kwa sababu kila mara nilipima gari jinsi mimi ninavyoendesha, si jinsi yeye anavyoendesha.

Busta huweka akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu baada ya injini kuzimwa. Kinachoilinda akiba hiyo ni valvu ndogo ya plastiki kwenye mpira wake, inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Nimeichomoa nikaipuliza. Hewa ikapita. Nikaigeuza nikaipuliza, ikapita tena. Kwa hiyo kwa miaka kumi na saba Bezuneh alizima injini na akiba ikamtosha kufika mlangoni. Kisha valvu ikachoka, akiba ikaanza kuvuja, siku nyingine pole, siku nyingine haraka.

Na valvu hiyo niliifunga mimi, mwaka juzi. Niliitoa kwenye gari bovu nyuma ya gereji, nikaiosha kwa petroli. Sikuipuliza.

Haya ndiyo masikio yangu ninayojisifia. Nimewazika watu mia kwenye mteremko ule na sikuwahi kusikia kwamba injini imezimwa, kwa kuwa nilikuwa nyuma naongea habari za saruji.

Nehase 11
Nitakwenda kwa Bezuneh kesho.

Nehase 12
Mvua kubwa. Sikwenda.

Nehase 15
Sikwenda. Ato Ayalneh kapita kuuliza gari lina nini. Nikamwambia bado natazama.

Nehase 21
Asnakech kaniuliza mezani, kwa sauti ya kawaida, kama nimeshapata. Nikasema nimepata. Kama nimeshasema. Nikasema bado. Akakunja mkate wa injera uliobaki, akauweka mbali nami. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, "ila wewe umeficha maradhi ya mwenzio."

Nehase 27
Nimefunga valvu mpya. Nimeipuliza mara ishirini.

Pagume 3
Leo ni mvua ya Malaika Rufaeli, na kila mtu alikuwa nje akijiacha alowe ili apate baraka, hata Ato Ayalneh na suti yake. Nilipita katikati yao nikaenda kwa Bezuneh. Yeye hakuwa nje. Alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, akiutazama ua wake ukilowa.

Nilikuwa nimejipanga. Nikamweleza yote: valvu, akiba, ufunguo. Nikasema kosa ni langu, nimelifunga mimi na nimelikana mimi, na keshokutwa kikaoni nitasema hivyo mbele ya watu. Nikamwambia jina lake litarudi. Nilisema upesi na, Mungu anisamehe, kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa nikiutua mzigo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ningeiacha injini inawaka, ingesimama?"

Nilisema valvu ilikuwa mbovu.

"Sikukuuliza valvu, Wubishet. Ningeiacha inawaka, ingesimama?"

"Ingesimama."

Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza kitu ambacho katika miaka yote hii sikukijua. Alipozika binti yake, aliyekuwa na miaka tisa, dereva wa wakati ule aliungurumisha injini kutoka kona mpaka mlangoni, na yeye hakusikia hata neno moja la sala ya mwanawe. Alipopewa funguo, aliapa hakuna mzazi atakayekosa tena. Hakunitajia kwamba anazima kwa sababu kwake hilo halikuwa jambo la gari. Lilikuwa jambo la ibada, na nani humweleza fundi ibada yake?

"Mliposema nimelewa," akasema, "nilijua si kweli. Usiku nililala. Nilisema ni gari, au ni Mungu, na wote wawili wanajua wenyewe. Sasa umeniondolea ulevi. Nitalalaje?"

Nikasema tena ni valvu, ni mimi. Akasema, "Wewe ni wewe. Mguu ulikuwa wangu na mkono ulikuwa wangu. Zenebech alinipikia siku arobaini nilipofiwa." Akaniomba niende, nisichelewe baraka.

Nililowa njia nzima na sikuhisi baraka yoyote.

Pagume 5
Kikao. Nilisimama siku hii ya mwisho ya mwaka nikasema yote. Nilipofika kwenye ufunguo, wanawake wakaanza kulia, maana wote wanakijua kile kimya cha kwenye mteremko na wote walikuwa wakikipenda. Ato Ayalneh aliichana karatasi yenye sahihi yangu. Mimi nimekatazwa kuligusa gari la chama, na nimeona ni haki. Jina la Bezuneh likarudishwa kwa mikono yote. Eshetu ndiye aliyenyoosha mwisho, lakini alinyoosha.

Wazee wawili wakatumwa kwa Bezuneh na habari njema. Wamerudi wameduwaa. Amewashukuru, amewapa kahawa, amekataa. Amesema alifutwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na sasa kosa lake amelijua, basi afutwe kwa hilo. Hatalala ndani ya gari lile wala hataki hema lao.

Meskerem 1
Mwaka mpya. Mvua imekatika kama ilivyoagizwa, na maua ya manjano yamejaa mlimani. Watoto wamepita nyumba kwa nyumba wakiimba. Kwa Bezuneh wamekuta mlango umefungwa.

Meskerem 3
Nimekwenda. Alinifungulia. Amekonda na kikohozi chake si kizuri. Niliacha habari za valvu, nikaacha kuomba msamaha, nimeshaomba mpaka neno limechakaa. Nilimwambia siku yake ikifika nitamchukua mwenyewe, bila chama.

"Kwa gari gani?"

"Bila gari. Kwa mabega."

"Jeneza linataka watu wanne, fundi."

Nikasema nitawatafuta. Hakukubali, ila hakukataa, akanimiminia kahawa.

Meskerem 6
Nimewauliza watu sita. Wote ni watu wazuri. Mmoja mgongo, mmoja safari, wengine wamesema chama kitawaonaje. Ato Ayalneh kasema atalifikiria, na alivyolisema ni kwamba hapana.

Meskerem 9
Jua kali. Nilikuwa chini ya lori nikaona viatu vya mtu vimesimama, havisemi. Nikatoka. Alikuwa Eshetu, bado na nguo nyeusi za msiba wa mama yake. Tangu Nehase alikuwa hajatia mguu hapa. Nikasimama nikafuta mikono, nikasubiri anitukane, maana haki yake ilikuwa bado ipo.

Alitazama sakafu ya gereji, akatazama mikono yake.

"Nasikia unatafuta watu wa kubeba," akasema. "Unao wangapi?"

"Niko mimi."

"Basi tuko wawili."

Akaondoka kabla sijasema kitu. Bado natafuta wawili, na yule mzee anakohoa.